Je, Wajua? Mufuruki na Hesabu Zake

Niliwauliza vijana wanne wa bodaboda hapa Kamachumu, mkoani Kagera: mjasiriamali mkubwa wa teknolojia ni nani? Wawili walisema Steve Jobs. Wa tatu akasema Bill Gates. Wa nne akanyoosha kidole ng'ambo ya barabara, kwenye kibanda cha fundi simu. Huyo wa nne nilimpenda, nitarudi kwake. Lakini hakuna hata mmoja aliyemtaja Ali Mufuruki, mjasiriamali wa kompyuta aliyezaliwa Bukoba, mji wanaokwenda kununua vipuri vya pikipiki zao. Basi safu ya leo ni yake, pamoja na mambo ya jirani yanayomgusa kwa karibu au kwa mbali.

Je, wajua kwamba Mufuruki alizaliwa msimu wa senene, wale panzi tunaowala? Tarehe ni 15 Novemba 1958, na mtu wa kwetu haelezwi maana ya Novemba: mvua za vuli, taa zinawaka usiku kucha, watoto hawataki kulala. Mkoa wenyewe haukuwa unaitwa Kagera. Tanganyika ilikuwa bado chini ya Mwingereza. Baadaye tukawa Mkoa wa Ziwa Magharibi, na jina la Kagera, jina la ule mto, tulilipata 1979 baada ya majeshi ya Idi Amin kutimuliwa.

Wajua maana ya jina lake? Kwa Kihaya na kwa lugha za ndugu zetu wa ng'ambo ya mpaka, kufuruka ni kuhama, na mufuruki ni mtu aliyeacha kwao akaenda kuanza makazi mapya. Huko Kibaale, Uganda, "bafuruki" ni neno zito la kisiasa. Ndilo wenyeji wanalowaitia wahamiaji. Jina halimtabirii mtu maisha, lakini huyu wa kwetu alilitendea haki: Bukoba, Ujerumani, Dar es Salaam, na mauti yakamkuta Johannesburg.

Je, wajua kwamba Tanzania nzima inatucheka kwa neno moja? Nshomile. Ni Kihaya cha "nimesoma", na wenzetu wameligeuza kuwa jina letu la pili. Utani unajulikana: Mhaya akinunua gari atakueleza kwanza ukubwa wa injini, halafu nchi lilikotoka, na likiharibika njiani atakueleza kwa Kiingereza. Hatukatai sana. Ndiyo maana naona kioja cha maisha ya Mufuruki kiko hapa: mwana wa Bukoba kasoma Ulaya, kafanikiwa, kapandishwa jukwaani London, na anachokwenda kusema huko ni kwamba sifa tunazojipa Waafrika hazilingani na hesabu. Tutafika.

Je, wajua kwamba elimu yake ya juu ilikuwa ya mitambo, wala si ya biashara? Alisomea uhandisi wa usanifu wa mitambo katika chuo cha Reutlingen, mji wa kusini mwa Ujerumani karibu na Stuttgart. Chuo hicho kilianza 1855 kama shule ya kufuma nguo. Alihitimu 1986, na mwaka huohuo akawa yuko Daimler-Benz, watengenezaji wa Mercedes, akinolewa kwa kazi za uongozi.

Na je, wajua kwamba hakubaki? Mwaka 1987 alikuwa tayari Dar es Salaam, katika National Engineering Company, mkuu wa usanifu na upangaji wa miradi. Anayeikumbuka Dar ya miaka ile anajua uzito wa jambo hilo. Nchi ndiyo kwanza imetoka kutia saini na IMF, shilingi inaporomoka, maduka ndiyo yanaanza kupata tena sabuni. Kijana wa leo akiacha kazi ya Mercedes Ujerumani arudi kukaa mbele ya ubao wa michoro Dar, ukoo mzima utaitisha kikao, na mwenye kikao atakuwa shangazi.

Je, wajua kwamba serikali yetu iliwahi kupiga kompyuta marufuku? Si mzaha. Kompyuta ya kwanza nchini ilifungwa Wizara ya Fedha mwaka 1965. Mradi wa kuiwekea serikali mahesabu kwa mashine haukwenda kama ulivyotarajiwa, na 1974 amri ikatoka: ni marufuku kuingiza kompyuta na televisheni. Aliyeihitaji kweli ilimbidi aombe kibali. Televisheni, Bara tulisubiri mpaka 1994, wakati ndugu zetu wa Zanzibar walikuwa wakitazama ya rangi tangu miaka ya mwanzo ya 1970. Mimi nilikuwa mtu mzima siku nilipoona mechi kwa mara ya kwanza bila kuisikiliza redioni, na nilivunjika moyo: mchezaji niliyekuwa namsikia redioni kama simba alikuwa na miguu myembamba kama yangu.

Sasa, ukiwa na marufuku hiyo kichwani, sikiliza hii. Je, wajua kwamba Mufuruki alianzisha kampuni yake ya kompyuta, Infotech, mwaka 1989?

Isome tena hiyo tarehe. Mwaka ule ule, huko Geneva, Tim Berners-Lee wa CERN alikuwa ndiyo kwanza ameandika pendekezo la ule mfumo ambao leo tunauita Wavuti. Tanzania haikuwa na benki binafsi. Sheria iliyozifungulia mlango ilikuja 1991. Azimio la Arusha la 1967 lilikuwa bado halijalegezwa, na kiongozi wa chama aliyekutwa na hisa kwenye kampuni alikuwa na la kujibu, mpaka Azimio la Zanzibar lilipokuja, nalo ni la 1991. Mzee Mwinyi alikuwa Ikulu na watu walishampa jina la Mzee Ruksa, lakini ruksa ilikuwa inaingia nchini kama maji kwenye bomba la kijijini, leo yapo kesho hayapo. Katika hali hiyo mhandisi wa miaka 30 anaamua kuishi kwa kuuza mashine ambazo wateja wengi hawajawahi kuziona na maofisa wengi wanaziogopa.

Neno "maono" limechakaa siku hizi. Mtu akifungua kibanda cha vocha, mshereheshaji anamwita mwenye maono. Kipimo changu ni rahisi: ulianza kabla ya soko au baada yake? Kampuni ya kwanza ya simu za mkononi nchini ilianza 1994, miaka mitano baada ya Infotech. Vodacom Tanzania ikaja 2000. M-Pesa ikafika kwetu 2008, mwaka mmoja baada ya Kenya. Huyu alikuwa ameshafungua mlango na kuwasha taa kabla ya wote hao.

Haraka haraka sasa. Je, wajua kwamba Infotech ilikua ikawa kundi la uwekezaji lenye mikono katika maduka, mawasiliano, habari na majengo? Kwamba Mufuruki ndiye aliyeendesha maduka ya Woolworths, jina la Afrika Kusini, Tanzania na Uganda? Kwamba alikuwa mwenyekiti wa Wananchi Group, kampuni ya Kenya yenye televisheni ya Zuku? Kwamba aliitwa kwenye jopo la kumshauri mkuu wa IMF kuhusu Afrika kusini mwa Sahara? Na kwamba alikuwa miongoni mwa waasisi wa CEO Roundtable, ile meza ambapo wakuu wa kampuni kubwa za Tanzania hukutana na serikali, akawa mwenyekiti wake? Pumzi.

Hii tamu kidogo. Je, wajua kwamba programu ya kulea viongozi aliyoisimamia Afrika Mashariki, Africa Leadership Initiative, kifupi chake ni ALI? Kwa mtu anayeitwa Ali, hiyo ingetosha kumlevya nshomile yeyote. Programu hiyo ni ndugu na ile ya Taasisi ya Aspen ya Marekani, ambako yeye mwenyewe alipitia, na kazi yake ni kuwakusanya watu waliokwisha kufanikiwa na kuwauliza swali gumu: umefanikiwa, haya, halafu?

Je, wajua kwamba uhandisi wa kwetu haukuja na meli? Hapa naomba nikae kidogo, maana jambo hili ni letu.

Kemondo, kando ya Ziwa Victoria, tunaijua kwa gati lake. Wenye elimu ya mambo ya kale wanaijua kwa herufi: KM2 na KM3, majina ya sehemu mbili walikochimba wakakuta mabaki ya tanuri za kuyeyusha chuma za miaka 1,500 hadi 2,000 iliyopita. Mwanaakiolojia Peter Schmidt na mtaalamu wa metali Donald Avery waliandika habari hizo katika jarida la Science, Septemba 1978, na dunia ya wasomi ikageuza shingo. Walichodai ni kwamba mafundi wa hapa walikuwa wakisukuma mirija ya udongo ndani kabisa ya tanuri, hivyo hewa ya mivukuto ikapata moto ndani ya mrija kabla haijafika kwenye makaa. Hewa moto inaongeza joto la tanuri. Ulaya, wazo la kupasha hewa joto kabla ya kuiingiza tanurini lilipewa hataza katika karne ya 19. Wapo wataalamu waliompinga Schmidt, na ubishi huo juu ya hewa hiyo ilipata moto kiasi gani haujaisha. Lakini hata wabishi hawakatai ustadi wenyewe.

Je, wajua tanuri hiyo ilijengwa kwa nini? Kwa udongo wa kichuguu, maana mchwa wameshauchekecha na haupasuki ovyo motoni. Shimo la chini lilijazwa nyasi za bwawani zilizounguzwa kidogo, zikawa kama sponji nyeusi. Mavi ya chuma yalipoyeyuka yalidondokea humo, na kaboni ya zile nyasi ikafanya kazi yake kwenye chuma. Hakuna kilichoagizwa nje. Kichuguu, nyasi, mkaa, ngozi ya mivukuto, jiwe la mlimani.

Na je, wajua kwamba Schmidt hakuishia kuchimba? Mwaka 1976 aliwaendea wazee waliokuwa wameiona kazi hiyo, au waliifanya, wakiwa vijana, akawaomba wayeyushe tena. Ilikuwa imepita zaidi ya miaka 50. Majembe ya Ulaya ya bei rahisi yalikuwa yameiua kazi hiyo zamani, na hakuna aliyekuwa na sababu ya kuikumbuka. Wazee wakajenga tanuri, na majaribio ya mwanzo yakawashinda. Hawakusema kazi imesahaulika waende zao kunywa lubisi, pombe yetu ya ndizi. Walibishana, wakarekebisha, wakarudia, mpaka tonge la chuma likatoka. Ipo filamu juu yao, The Tree of Iron, ya 1988.

Mti uliotajwa kwenye jina la filamu ni Kaiija, wa Katuruka, upande wa Maruku, na Kaiija kwa Kihaya ni mahali pa kufulia chuma. Sasa wajua kisa cha mnara? Simulizi zinasema mfalme Rugomora Mahe, aliyetawala Kyamutwara karne ya 17, aliwakusanya wafua chuma wake pale wamjengee mnara wa chuma ufike mbinguni. Ukapanda, ukapanda, halafu ukaanguka. Schmidt alipochimba pale penye hekaya alikuta makaa na mabaki ya kazi ya chuma ya zaidi ya miaka 2,000, mamia kwa mamia ya miaka kabla ya Rugomora mwenyewe. Bibi zetu hawakuwa wakitusimulia ngano tupu.

Kwa kuwa tuko kwenye chuma: je, wajua kwamba mkuki kwa Kihaya ni ichumu, na mikuki ni amachumu? Sasa tamka taratibu jina la Kamachumu. Sisemi zaidi.

Na mnara wa Rugomora ndio ninaoukumbuka kila nikitazama hotuba ya Mufuruki ya London, ya jukwaa la TEDxEuston, 2013. Je, wajua aliiita nini? Kwa Kiswahili chetu ni hivi: Je, kweli Afrika inainuka? Ili uone ujasiri wake, kumbuka majira yale. Jarida la The Economist mwaka 2000 lilituweka kwenye jalada na kutuita bara lisilo na matumaini. Desemba 2011 jarida lilelile likatuweka tena, safari hii likisema Afrika inainuka. Tulifurahi kama mtoto aliyesifiwa na mwalimu aliyekuwa akimchapa. Kila mkutano wa wawekezaji ulikuwa na wimbo huo. Na ukumbi ule ulijaa Waafrika waliosoma, waliovaa vizuri, waliokuja kujisikia vizuri.

Mufuruki akawaambia historia na takwimu zinasema hapana.

Hebu fanya naye hesabu ndogo, maana yeye alipenda hesabu. Mwaka ule wa hotuba Waafrika tulikuwa karibu asilimia 15 ya watu wote duniani. Katika biashara ya dunia fungu letu lilikuwa karibu asilimia 3. Na katika hiyo 3, sehemu kubwa ni vitu vinavyotoka ardhini vikiwa vilevile vilivyozaliwa: mafuta ghafi, madini, kahawa isiyokaangwa. Bei ya dunia ikipanda, tunasema tumeinuka. Ikishuka, tunasema ni majaliwa.

Wakulima wa Kamachumu tuna neno la jambo hilo, na laiti Mufuruki angelipeleka London wangemwelewa mara moja. Je, wajua butura? Msomaji wa mbali, butura ni kuuza kahawa ikiwa bado mtini, pengine bado ni ua. Mtoto anadaiwa ada, mgonjwa yuko hospitali ya Ndolage, mnunuzi anakuja na noti mkononi Januari, na mkulima anamkabidhi mavuno ya miezi ya mbele kwa bei ya shida. Serikali inaikataza kila mwaka na kila mwaka ipo. Usimwone mkulima mjinga. Yeye anajua hesabu kuliko afisa anayemhubiria. Anachokosa ni mtu wa kumkopesha Januari. Ninavyoona mimi, uchumi unaoishi kwa kuuza vitu ghafi ni butura ya taifa, na mwenye kusherehekea bei nzuri ya butura ana kasoro kidogo kichwani.

Fupi: je, wajua kwamba Bukoba ina kiwanda cha kahawa ya kuyeyuka, TANICA, tangu miaka ya 1960? Yaani wazo la kuongeza thamani si geni hapa. Na kabla ya hapo, muda mrefu kabla ya mzungu, babu zetu walichemsha buni na majani ya miti, wakazikausha, wakatafuna. Punje mbili za tunda moja zilitumika kufunga udugu wa damu. Kahawa ilikuwa heshima kabla haijawa zao la biashara.

Nyingine fupi: je, wajua kwamba kwa miaka mingi umeme wa Kagera ulitoka Uganda kwa njia ya Masaka, wakati sisi tuko Tanzania? Mtu akikwambia nchi imeinuka, muulize taa yake inawashwa na nani.

Je, wajua kwamba kwenye mpaka wetu wa Mutukula zipo alama za mambo aliyoyashughulikia Mufuruki? Zamani lori lilikaguliwa na Tanzania, likasogea, likakaguliwa upya na Uganda, na dereva akawa ameoa na kuacha katikati. Novemba 2017 Rais Magufuli na Rais Museveni walizindua kituo cha pamoja ambapo ukaguzi wa nchi mbili unafanywa mahali pamoja. Mradi huo ulisaidiwa na TradeMark East Africa, taasisi ambayo Mufuruki aliwahi kuwa mwenyekiti wa bodi yake. Teknolojia hapo haina mng'aro. Ni foleni kupungua.

Na je, wajua kwamba mwaka huohuo wa 2017 alikuwa mwenyekiti wa Vodacom Tanzania ilipoingia Soko la Hisa la Dar es Salaam? Sheria ilizitaka kampuni za simu ziuze robo ya hisa zao kwa umma. Vodacom ikaweka sokoni hisa milioni 560 kwa shilingi 850 kila moja. Zidisha: ni shilingi bilioni 476. Mwenye shilingi 85,000, bei ya mbuzi mdogo wa siku zile, angeweza kupata hisa 100 za kampuni ambayo kila siku anaipelekea fedha za vocha. Watanzania tulijivuta. Muda ukaongezwa, na mwishowe wageni wakaruhusiwa kununua pia. Ilipofika Agosti, hisa zikaanza kuuzwa sokoni. Nami ni mmoja wa waliojivuta, nilimnunua mbuzi. Alikufa.

Je, wajua kwamba mtu aliyewavunjia watu sherehe London hakuishia kulalamika? Hapa ndipo ninapompa alama nyingi. Kusema nyumba inavuja ni rahisi, hata kuku anajua. Mwaka 2017, yeye na wenzake watatu, Rahim Mawji, Gilman Kasiga na Moremi Marwa, ambaye wakati huo ndiye aliyekuwa akiliongoza Soko la Hisa, walitoa kitabu kizima cha mpango: Tanzania's Industrialisation Journey, 2016–2056. Kazi yake ni kuonyesha namna ya kulitoa taifa kwenye jembe na kulifikisha kwenye viwanda vya kisasa kwa miaka 40. Wakati huo nchi nzima iliimba Tanzania ya viwanda, na mafanikio yalihesabiwa kwa idadi. Cherehani nne zikiwa chumba kimoja zilikuwa karibu kuitwa kiwanda. Wao wakaketi kuuliza maswali ya mhandisi: umeme kiasi gani, mafundi wangapi, bandari ya namna gani, fedha kutoka wapi, na kwa mfuatano upi. Ukisoma kitabu hicho unamwona yule kijana wa ubao wa michoro wa 1987. Hakuna mhandisi anayechora mtambo halafu akaacha kuandika vipimo.

Kosa lake? Lipo. Kitabu kimeandikwa kwa Kiingereza, na hotuba zake zilizotamba ni za Kiingereza. Mtu wa butura, ambaye hoja yote inamhusu, hawezi kuzisoma. Nshomile ina namna yake ya kujificha hata kwa asiyejisifu.

Je, wajua kwamba minada ya kahawa ya mkoa wetu siku hizi inaendeshwa kwa mfumo wa kidijitali wa soko la bidhaa, TMX? Mnunuzi anaweka bei kwenye mfumo, mkulima amesimama kwenye ghala la chama cha msingi anasubiri kusikia. Wazee walinuna mwanzoni: bei isiyo na uso wa mtu tutabishana nayo vipi? Halafu bei zikatangazwa wazi, kila mtu akizisikia kwa pamoja, na manung'uniko yakahamia kwenye jambo lingine, kama kawaida yetu.

Hapo namrudia kijana wangu wa nne wa bodaboda. Yule fundi simu aliyemnyooshea kidole anakaa kwenye kibanda cha mabati, ana kioo cha kukuzia, chuma cha kulehemu na kopo la vioo vilivyovunjika. Nilikwenda kumtazama. Alikuwa ametoa kijenzi kwenye simu iliyokufa na kukipandikiza kwenye simu ya mama mmoja anayesubiri fedha za kahawa ziingie kwa M-Pesa. Nikamuuliza kama anamjua Ali Mufuruki. Akasema hapana, akauliza naye ni fundi? Nikamjibu ndiyo. Sikuona kama nimesema uongo.

Je, wajua siku aliyokufa? Jumapili, 8 Desemba 2019, hospitalini Johannesburg. Alikuwa na miaka 61.

La mwisho kwa leo, nalo ni la hesabu. Mtoto aliyezaliwa Ndolage mwaka ule kitabu kilipotoka atakuwa na miaka 39 mwaka 2056. Mufuruki mwenyewe angekuwa anaelekea 98, msimu wa senene.